Kabla Hamjanunua Rangi, Muulizeni Bibi

Tumsifu Yesu Kristu wasomaji wetu. Likizo zinakaribia na barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti, kambi za vijana za huduma. Nimezikata kidogo maana zingine zilikuwa ndefu kuliko litania ya watakatifu wote, mnisamehe.

SWALI: Mlezi, sisi ni VIWAWA (Vijana Wakatoliki Wafanyakazi) wa parokia moja huku Kilimanjaro, wengi wetu tunafanya kazi Dar na Arusha. Desemba tukirudi nyumbani tunataka kufanya kambi ya siku 5 kusaidia wazee wasiojiweza. Tuko kama 40, hela tumeshachanga, tumewaza tuwapakie nyumba rangi, tugawe sukari na sabuni, na fulana tumeanza kuulizia bei. Paroko amekubali ila kasema tukuulize tuanzie wapi. (Katibu wa vijana, Moshi Vijijini)

JIBU: Milele amina katibu. Nianze na fulana ili tuzimalize, fulana ni kitu cha mwisho kabisa, hela ikibaki ndo mchapishe. Na rangi nayo isubiri. Barua nzima nimeisoma mara mbili sijaona mahali mmeandika ni bibi yupi kasema anataka rangi! Mzee wa miaka 80 pale mgombani ana shida zake na mara nyingi rangi haimo, choo kimetitia, bati linavuja juu ya kitanda, mlango haufungi usiku, maji yako bondeni na magoti hayapandi tena. Mwingine nyumba yake iko vizuri tu, anachotaka ni mtu wa kumpeleka kwa afisa ustawi wa jamii aandikishwe kitambulisho cha matibabu ya bure, maana Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003 na matibabu bila malipo kwa mzee asiye na uwezo yamo humo, lakini sera haimshiki mtu mkono hadi ofisi ya kata. Hiyo kazi haihitaji hata msumari, inahitaji kijana mwenye subira na nauli ya bodaboda.

Nyie ni VIWAWA, mnajua mtindo wa padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, yule aliewakusanya vijana wafanyakazi miaka ya 1920, kutazama, kuamua, kutenda. Hata Papa Yohane XXIII aliuweka kwenye waraka wake Mater et Magistra wa 1961. Sasa barua yenu imeanzia kwenye kutenda, mbili za mwanzo mmeziruka.

Kwa iyo wale wenzenu walioko nyumbani sasa hivi waanze kuzunguka, mwezi wa 10 au wa 11, wawili wawili, bila sukari, bila ahadi yoyote. Waende na katekista na mwenyekiti wa jumuiya, na pia mwenyekiti wa kitongoji, kwa sababu maskini wa kijiji chenu sio Wakatoliki peke yao, kuna Mlutheri na kuna Mwislamu ambae jumuiya haina jina lake. Wakae, wanywe maji, waongee, waangalie. Sijaibuni mimi hii, Frédéric Ozanam na wanafunzi wenzake walipoanzisha Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kule Paris 1833 yeye alikuwa na miaka 20 tu, na kazi yao ilikuwa hiyo hiyo, kwenda kwa maskini nyumbani kwake, na alietangulia kuwaonyesha njia za kule uchochoroni alikuwa sista mmoja, Rosalie Rendu, aliekuwa anazijua familia zile kwa majina. Tafuteni Rosalie wenu. Kila parokia anae, mara nyingi ni mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) asiyeongea sana kwenye vikao.

Sasa niseme lile ambalo vijana wa Kilimanjaro mnalijua ila hamtaki kulisema. Desemba ndo watoto wa huyo bibi nao wanarudi, na magari. Mkienda 40 na makoleo kumjengea choo wiki ile ile mwanae yuko hapo anachoma nyama, mmemsaidia bibi na mmeiabisha familia, na mkishaondoka anaebaki na ile hasira ni bibi, sio nyie. Kwa iyo kabla ya kugusa kitu piga simu kwa watoto, au paroko apige, kwa heshima, aseme vijana wanataka kusaidiana nanyi kwa mama. Mara nyingi utakuta mtoto anatoa bati zote na nyie mnatoa nguvu, na hiyo ni nzuri kuliko ile mliyopanga. Pia ulizia kihamba, yaani shamba la ukoo, ni cha nani. Choo cha tofali ni kitu cha kudumu, na kama ndugu wana kesi ya mipaka mtakuta mmejenga ushahidi wa mtu mmoja dhidi ya mwingine bila kujua. Pakiwa na ugomvi wa ardhi msijenge kitu, safisheni, tengenezeni mlango, bebeni kuni, basi.

Halafu 40 ni wengi mno kwa nyumba moja, mtakanyaga mboga za watu. Jigaweni vikundi vya 6 au 7, kila kikundi nyumba yake na mtu mzima mmoja. Fundi muwe nae, mlipeni, msimwombe ajitolee eti kwa sababu kazi ni ya Kanisa, nae ana watoto. Juu ya paa apande fundi, nyie mshike ngazi na mpitishe bati. Shimo la choo msianze siku ya kwanza ya kambi, lichimbwe wiki 2 kabla na watu wanaojua udongo wa pale, kijana wa ofisini Dar akishuka futi 10 chini bila kujua kingo zinavyomeguka mtageuza huduma kuwa msiba. Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa bado zipo kwa iyo muwe na maturubai, ila afadhali hivo kuliko mngepanga Aprili kwenye masika.

Malazi ombeni madarasa, shule zimefungwa, barua kwa mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji, wasichana kwao wavulana kwao, na mlezi mtu mzima kila upande. Kupika pikeni wenyewe tafadhali, nimeona kambi nyingi vijana wanaenda "kuhudumia" halafu kina mama wa kijiji wanaamka saa 10 usiku kuwachemshia chai, asa hapo nani kamhudumia nani. Jioni misa au rozari pamoja na wenyeji, na baada ya hapo kila kikundi kisimulie kimeona nini siku ile, hata nusu saa inatosha.

Sukari na sabuni mnaweza kupeleka, sikatai, ila iwe kama mgeni anavyobeba kitu mkononi, sio foleni kanisani na majina kuitwa kwa spika. Na chagueni sasa hivi watu 3 wanaobaki kijijini watakaopita tena Januari kuangalia kama mlango bado unafunga. Kama hao 3 hamna basi punguzeni nyumba.

SWALI: Mlezi mambo? Sisi ni kikundi cha vijana parokia moja ya Nairobi. Tulichanga tukanunua unga, mafuta, nepi na maziwa tukapeleka kwa makao ya watoto yanayosimamiwa na masista. Tulifua, tulipika chapati, tukacheza na watoto, ilikuwa poa sana. Lakini sista akakataa kabisa tupige picha na watoto, na kuna waliotuchangia wako ng'ambo wanataka kuona pesa yao ilienda wapi. Wenzangu wamekasirika wanasema hawarudi. Je sista hakukosea? (Kijana, Eastlands)

JIBU: Hakukosea, na mrudi. Yule mtoto mnaetaka kumposti leo na nepi mkononi baada ya miaka 15 atakuwa anatafuta kazi au mchumba na picha bado ipo, imeandikwa "yatima". Hakuulizwa. Kenya ina Sheria ya Watoto ya 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, faragha ya mtoto sio uamuzi wa kikundi cha vijana wala wa sista peke yake. Na wengi wa watoto hao wana mama, shangazi, nyanya mahali fulani, sio wote ni yatima.

Waliochanga wana haki ya kujua, hapo nakubali kabisa. Wapeni risiti, wapeni picha ya magunia yakishushwa kwa gari, picha yenu wenyewe mkisugua masufuria, barua ya shukrani yenye muhuri kutoka kwa masista. Asiyetosheka na risiti mpaka aone uso wa mtoto, huyo mjibuni kwa upole kwamba haiwezekani.

Na kwa wale waliokasirika wasimulieni habari za Pier Giorgio Frassati, huyu aliyetangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025 pamoja na Carlo Acutis. Vijana wengi wanamjua Carlo kwa sababu alieneza imani kwa kompyuta na Frassati wanampita, mimi naona tunamkosea. Alikuwa mtoto wa tajiri Turin, baba yake mwenye gazeti la La Stampa na balozi wa Italia Ujerumani. Akiwa na miaka 17 akajiunga na hao hao wa Mtakatifu Vinsenti, nauli ya tramu anawapa maskini halafu anakimbia mbio awahi chakula nyumbani. Kwao hawakujua. Mwaka 1925 akapata polio, ana miaka 24, siku moja kabla hajafa mkono umeanza kupooza akaandika kikaratasi kwa shida, sindano za dawa zipelekwe kwa mgonjwa fulani maskini, na risiti ya rehani ya mwingine ikalipiwe kwa hela yake. Siku ya mazishi wazazi wanashangaa barabara imejaa watu wasiowajua, maskini wa mji mzima. Hakuna alieposti.

SWALI: Shikamoo mlezi. Naishi Houston, Marekani, miaka 11 sasa. Binti yangu ana 15, parokia yetu inapeleka vijana kwenye Catholic HEART Workcamp wiki moja kiangazi. Cha ajabu natakiwa kulipa ada ili mwanangu akafanye kazi! Na watalala chini kwenye shule. Baba yake amecheka sana. Ni salama? Na ina maana kweli? (Mama, Houston)

JIBU: Marahaba mama. Baba acheke tu ila amalizie kwa kusikiliza. Hiyo kambi sio ya jana, ilianza Florida, Orlando, mwaka 1993, na inafanyika miji mingi kila kiangazi. Vijana wanalala madarasani, kwenye godoro la kujaza upepo au mfuko wa kulalia, asubuhi wanachanganywa na vijana wa parokia nyingine na mtu mzima wao, wanaenda kupaka rangi nyumba ya mzee au mtu mwenye ulemavu, kukata majani, kusafisha, jioni misa na kuabudu Ekaristi na maungamo. Ada ni kwa ajili ya chakula na vifaa na uendeshaji, na parokia nyingi zinaosha magari au zinauza chakula baada ya misa kupunguza gharama, kwa iyo muulize mlezi wa vijana kabla hujatoa kadi ya benki.

Kuhusu usalama una haki ya kuuliza hadi uchoshe watu. Tangu maaskofu wa Marekani walipopitisha mwongozo wao wa kulinda watoto kule Dallas 2002, mtu mzima anaekaa na watoto kwenye shughuli za Kanisa lazima historia yake ichunguzwe na apitie mafunzo. Uliza ni nani anasafiri nao, analala wapi, binti akiugua anampigia nani. Ukijibiwa "usijali mama" basi endelea kujali.

Maana ipo, ila nikuongezee moja. Houston ina familia nyingi za Wakongo, wengine wametokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na pengine baadhi wanasali parokia ile ile ya kwenu kwenye viti vya nyuma. Binti yako kama Kiswahili anacho ana kitu ambacho vijana wenzake wote wa kambini hawana. Kuna mama pale ana barua ya shule ya mtoto haelewi imeandika nini. Hiyo haina ada, haina fulana, na ni kila Jumapili. Akimaliza wiki ya kambi amezoea kufanya kazi na watu, mpeleke hapo. (Na vyombo vya nyumbani je, anaosha? Nauliza tu.)

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu, nasoma chuo Tanga. Rafiki zangu wa TMCS (umoja wa wanafunzi Wakatoliki) wana kambi ya kukarabati vyumba vya wazee, wananiomba niende kwa sababu najua kazi ya uashi. Sitalazimishwa kusali nao? Na wazee wanaosaidiwa wanabadilishwa dini? (Fundi mwanafunzi)

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hapana, na hapana. Papa Benedikto XVI kwenye waraka wake wa 2005, Deus Caritas Est, aliandika wazi kwamba upendo ni bure, hautolewi kama njia ya kupata kitu kingine, na anaetoa huduma kwa jina la Kanisa asijaribu kumlazimisha mtu imani yake. Mzee akiwekewa bati halafu akaambiwa Jumapili aje ubatizo, hapo kambi imekosea na kiongozi aambiwe.

Wewe wakati wa misa pumzika au nenda kasali yako. Mwambie kiongozi mapema kuhusu nyama, nani anachinja, Waswahili wa Tanga hilo hawana shida nalo. Na mwambie pia Ijumaa mchana hutakuwepo, ili asije kukupanga kwenye zege saa hiyo.