Udongo wa Ngezi na udongo wa nchi za barafu

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa bayolojia katika skuli moja ya Konde, Pemba. Nimesoma kwamba wanyama wadogo wa udongoni ni wengi zaidi katika nchi za baridi kuliko kwetu. Wanafunzi wangu hawakubali: msitu wa Ngezi upo jirani, una joto, una mvua, majani yanaoza mwaka mzima. Nani yuko sawa? Na nitawaonyeshaje wanyama hao kwa hadubini ya skuli?

Jibu: Waalaykum salaam, mwalimu. Hapo pana maswali mawili yaliyofungwa fundo moja: wanyama ni wangapi, na ni wa aina ngapi.

Tukihesabu vichwa, baridi inashinda. Mwaka 2019 watafiti walikusanya hesabu za sampuli 6,759 za udongo kutoka kila bara, wakakadiria idadi ya minyoo-duara, ile myembamba isiyoonekana kwa jicho tupu, katika sentimita 15 za juu. Asilimia 38 ilikuwa katika maeneo yanayokaribia Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, asilimia 21 tu katika nchi za joto. Sababu kubwa ni chakula. Kule jani likianguka huoza pole pole, na mboji hurundikana miaka na miaka. Ngezi jani hilo halikai: joto na unyevu hulimaliza, mizizi ikanyonya kilichobaki. Ghala letu halijai kwa sababu linatumika kila siku.

Lakini usiwaambie watoto kwamba Ngezi ni maskini. Chukua wale wadudu wadogo wanaojifyatua kwa mkia ukifunua majani yaliyolowa. Tathmini ya mwaka 2023 ilionyesha kuwa uzito wao wote katika tundra, yaani nyika za baridi kali zisizo na miti, ni kama mara 20 ya uzito wao katika nchi za joto, ila nishati wanayotumia inakaribiana. Wetu ni wachache, na joto linawafanya watumie nishati haraka zaidi. Kwa aina, nchi za joto zina nyingi, ingawa baadhi ya misitu ya baridi, na hata tundra, inazifikia. Si kama miti, ambayo aina zake huongezeka kwa kiasi kikubwa ukielekea ikweta.

Jambo moja linaniuma. Ulaya udongo umechimbwa na kuchunguzwa kwa vizazi. Afrika sampuli ni chache mno. Ramani za dunia hupakwa rangi hata pale ambapo hakuna aliyetia jembe, na rangi hiyo ni makadirio tu. Wanafunzi wako wanakaa juu ya sehemu kama hiyo.

Pemba ina swali lake la ziada: wanyama wadogo hivi huvukaje bahari? Mkondo kati yake na bara una kina cha mita 800 hivi, ndiyo maana popo wa Pemba hapatikani kwingine. Dubu-maji, mnyama wa ule ukijani laini unaotanda kama zulia kwenye kuta za mawe, hazuiliwi na maji namna hiyo: akikauka hujikunja bila kufa, akawa kama vumbi, na vumbi huchukuliwa na upepo. Mwanasayansi Mholanzi Baas Becking aliandika mwaka 1934 kwamba kila kitu kipo kila mahali, ila mazingira ndiyo yanayochagua. Kwa dubu-maji kauli hiyo ni kweli nusu tu: wapo waliosambaa mbali, wapo waliobaki kwao.

Kaskazi iliyopita nilikwangua ukijani kwenye ukuta wa kisima hapa Unguja, mkavu hata unavunjika vidoleni. Nikauweka kwenye kisahani cha maji. Nikaona punje iliyojikunja, haifiki nusu milimita. Baada ya kama saa moja ikaanza kujaa, miguu ikachomoza mmoja mmoja, minane, kila mmoja una kucha, ikaanza kuparura. Nimeliona hilo mara nyingi, na bado huacha kazi nikatazama.

Fanyeni hivyo hivyo: loweka usiku kucha ukijani ukiwa umeuelekeza chini, ukamue asubuhi, tazama matone kwa ukuzaji mdogo, mara 40 inatosha. Kwa minyoo-duara tumia njia ya Baermann, iliyotoka Java mwaka 1917. Kata shingo ya chupa ya plastiki iwe faneli, funga mpira chini na uubane, tia maji, kisha laza udongo juu yake ndani ya kitambaa chepesi. Minyoo hutoka udongoni na kuzama. Kesho yake legeza mpira na kinga matone ya mwanzo tu. Chukueni udongo wa Ngezi, wa shamba la mikarafuu na wa kiwanja cha skuli, kipimo kimoja kwa kila mahali, mhesabu.