Mume Akikutishia kwa Makaratasi

Juzi dada mmoja, Mtanzania mwenzetu anayeishi Texas, ameniandikia ujumbe mrefu wa usiku wa manane. Ameniruhusu nitaje kiini chake tu. Mumewe ni raia wa Marekani. Kila wakigombana humwambia, "Nikipiga simu moja uhamiaji nikasema uliolewa kwa ajili ya makaratasi, utajikuta Dar." Safari hii amemvunja kidole. Hakwenda hospitali kwa kuwa kadi ya bima anakaa nayo mume. Swali lake ni moja: "Dada, ni kweli anaweza kunirudisha?"

Mdogo wangu, mumeo si uhamiaji. Anachoweza kufanya ni kuliondoa ombi la ukaazi alilokufungulia uhamiaji, na kusema maneno. Najua, kwa sababu wangu alifanya yote mawili.

Mimi niliolewa Houston, kanisani, mchana kweupe. Mahari ilifika Moshi, wajomba zangu wakaipokea na kushukuru. Mwanaume alikuwa wa nyumbani, ameshapata uraia, anasalimia wazee kwa adabu, anatoa michango ya misiba kabla hajaombwa. Nani angemkataa mtu wa namna hiyo? Alinifungulia ombi la makaratasi, tukaanza kusubiri. Miezi ile ya kusubiri siisimulii, yeyote aliyewahi kungojea barua ya uhamiaji anaijua.

Kipigo kilianza kabla barua haijaja. Pasipoti yangu ikahamia kwenye droo yake yenye kufuli. Simu nikawa napiga mbele yake. Nilipompigia shangazi nikalia, akaniambia, "Mwanangu, mwanaume ni kuvumiliwa. Utarudi huku na nini?" Shangazi yangu nampenda, lakini neno lile mpaka leo linaniuma kuliko makofi. Na si kweli hata kwa sheria za kwetu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka 50, na bado tunaambiana tuvumilie.

Kisha ukaja ujumbe wa WhatsApp kutoka Mwanza. Mwanamke nisiyemjua, ameandika kwa heshima kabisa: "Dada, nasikia unaishi na mume wangu." Akanitumia picha ya cheti chao cha ndoa. Ndoa ya kanisani, ya mke mmoja, haijavunjwa na mahakama yoyote. Kwa hiyo yule aliyekuwa akinitishia kwamba atanishtaki kwa ndoa ya bandia, ndiye aliyesimama madhabahuni akiapa huku ana mke. Nilipomwonyesha ile picha, alinipiga mpaka majirani wakaita polisi. Baadaye akaliondoa ombi langu na kuwaandikia uhamiaji kwamba mimi ndiye tapeli.

Nililala kwenye nyumba ya hifadhi ya wanawake, nikiamini yamekwisha. Sina makaratasi, sina hata ndoa. Ndipo wakili wa msaada wa kisheria aliponieleza jambo ambalo nataka kila mwanamke wa kwetu aliyeko Marekani alijue kabla hajaguswa.

Iko sheria inaitwa VAWA, yaani Sheria ya Ukatili Dhidi ya Wanawake, imepitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1994. Inamruhusu mke anayeteswa na raia wa Marekani, au na mwenye ukaazi wa kudumu, kujiombea makaratasi mwenyewe kwa fomu I-360. Humhitaji mume, sahihi yake wala ruhusa yake. Uhamiaji hawaruhusiwi kumwambia kwamba umeomba, wala kukuamulia vibaya kwa kutegemea maneno ya mtesaji peke yake. Ile barua yake ya kunichafua haikuwa na nguvu niliyokuwa nikiiogopa. Nilipoomba mimi, fomu ile haikuwa na ada. Jina la sheria linataja wanawake, lakini hata mume anayeteswa na mkewe inamlinda.

Na la mume mwenye mke mwingine je? Hilo nalo limo tangu mwaka 2000. Ukiwa ulifunga ndoa kwa sherehe halali, ukaamini kwa nia njema kwamba ni mkewe, na kasoro pekee ni kwamba yeye alikuwa na ndoa nyingine, bado unaruhusiwa kujiombea. Wakili aliponisomea kipengele hicho nililia mbele yake bila aibu. Kumbe walikuwepo wengine kama mimi mpaka Bunge likaona liwaandikie sheria!

Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba ndoa ilikuwa ya kweli, mliishi pamoja, umeteswa kwa kipigo au kwa ukatili mkubwa, na una mwenendo mwema. Ukatili si ngumi tu. Kufichiwa pasipoti, kukatazwa simu, kutishiwa uhamiaji kila siku, yote hayo yaandike kwenye maelezo yako. Kwa hiyo tunza karatasi. Mkataba wa nyumba wenye majina yenu wawili, akaunti ya benki ya pamoja, picha za harusi, ujumbe wa simu, taarifa ya hospitali, ripoti ya polisi, barua ya mchungaji au jirani aliyeona. Vipige picha, mtumie mtu unayemwamini, nawe ufute kwenye simu yako. Huna ripoti ya polisi? Omba hivyo hivyo, uhamiaji wanatakiwa kupima ushahidi wowote wa kuaminika. Lakini tunza karatasi.

Dada wa kidole, nenda hospitali leo, bima au bila bima, na mweleze daktari ukweli wote aandike. Ukiwa hatarini piga 911, useme "Swahili", watakutafutia mkalimani. Namba ya taifa ya msaada kwa wanaoteswa majumbani ni 1-800-799-7233. Mahakama ya Texas inaweza kukupa amri ya kumzuia asikusogelee, hata kama huna makaratasi. Fomu usimpe yule kaka wa kwenye grupu anayejaza za kila mtu. Tafuta wakili wa kweli, wa msaada wa kisheria ukikosa fedha. Ukishaachika kwa talaka iliyotokana na mateso hayo, una miaka miwili tu ya kuomba.

Sasa niseme na ndugu zangu mnaotafutiana "wachumba" wa kulipia. Acheni. Anayefunga ndoa ya bandia ili kuikwepa sheria ya uhamiaji anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini hadi dola 250,000. Ikithibitika, hata ukija kuolewa kwa mapenzi ya kweli baadaye, ombi la mumeo litakataliwa. Na mnatuumiza sisi. Kwa ajili yenu afisa wa uhamiaji anamtazama kila mke Mwafrika kama mwongo, na kwa ajili yenu mume mkatili anapata neno la kutishia. Mnakula pilau la harusi ambayo mnajua ni biashara, halafu mwenzenu aliyepigwa kweli anakwenda kuulizwa analala upande gani wa kitanda.

Wengine mtaniuliza: mume wangu si raia wala hana ukaazi wa kudumu, nifanyeje? VAWA haikuhusu. Muulize wakili kuhusu viza ya U, iliyowekwa mwaka 2000 kwa waathirika wa uhalifu wanaowasaidia polisi. Hapo ripoti ya polisi inakuwa na uzito mkubwa.

Kuna jambo ambalo nusura liniponze kwa mapenzi ya ndugu. Uliyeomba I-360 ukiolewa na mwingine kabla haijakubaliwa, ombi lako linakataliwa. Huko nyumbani wataanza kukuletea wachumba mapema, wakisema umri unakwenda. Waambie wasubiri barua ya uhamiaji ije kwanza.