Kuendesha baiskeli ya milimani kwenye tope

Ndugu, umeuliza kama mvua ya masika ikianza uifungie baiskeli ya milimani ndani. Usiifungie. Udongo mwekundu wa msitu wa Karura, Nairobi, unateleza lakini unapitika. Punguza upepo kidogo kwenye matairi na usikamate breki ghafla. Ule mweusi wa Embakasi na Kitengela ndio wa kuogopa: hunata, hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu ligome. Hapo shuka, uukwangue kwa kijiti. Ukilazimisha kukanyaga, kibadilisha gia cha nyuma kinaweza kukatika, na ni ghali.

Nyumbani, osha kwa ndoo na brashi. Tafadhali usiipeleke kwa waosha magari; maji ya presha huingia kwenye beringi na kuondoa grisi. Futa mnyororo ukauke, utie oili siku hiyo hiyo, kisha upanguse inayobaki juu, maana hiyo ndiyo hushika mchanga.