Final Fantasy VII kwenye Switch: inunue tu

Ndugu, umeuliza kama Final Fantasy VII, mchezo ule wa video wa 1997, bado inachezeka kwenye Switch, kile kifaa cha Nintendo cha kuchezea mkononi au kwenye televisheni, au ni sisi wazee tunaosifia vya kale. Inachezeka, tena mimi naona imepata kwao mkononi. Kwenye televisheni kubwa zile picha za nyuma zinaonekana kama zimepakwa mafuta, lakini kwenye skrini ndogo ukungu ule unapungua. Pembeni kuna mistari miwili myeusi kwa sababu picha ni ya umbo la televisheni za zamani. Baada ya dakika kumi utaisahau.

Kilichoniokoa hasa ni kitufe cha kuongeza kasi mara tatu. Zamani ukiita jini likusaidie vitani ungeweza kuinjika chai na kurudi ukalikuta bado linashuka kutoka mawinguni! Pia unaweza kuzima yale mapigano ya kushtukiza, ila usizoee: bila kupigana hupati nguvu, utafika kwa adui mkubwa ukiwa mnyonge.

Mimi huicheza kwenye matatu ya Kisumu kwenda Kakamega. Nikifika Chavakali naizimisha skrini, nashuka, jioni naendelea palepale. Lakini usitegemee hilo peke yake: betri ikiisha na stima imepotea nyumbani, unarudi pale ulipohifadhi mara ya mwisho. Mimi nilipoteza saa mbili hivyo. Hifadhi kila ukipata nafasi.

Na keti upande usio na jua, bwana.