Jibu: Betri ya sola inazima saa tatu usiku

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: paneli ya wati 100, betri ya 12V 100Ah, taa nne na TV, lakini saa tatu usiku giza.

Usikimbilie kununua betri. Jua likizama, zima kila kitu, subiri saa moja, pima volti. Chini ya 12.5, betri haijajaa. Paneli hiyo kwa masaa matano ya jua kali inatoa wati-saa 500 za kwenye makaratasi, kiuhalisia kama 350. Betri inabeba wati-saa 1,200 (volti 12 mara ampea-saa 100, yaani hiyo Ah). Ukiikausha usiku, kesho haijai. Angalia kivuli cha mwembe, na waya. Wengi wanafunga ule mwembamba wa spika halafu wanalaumu paneli!

Ikisoma 12.7 na bado inazima mapema, betri imechoka, hasa kama ni ya gari. Tuma picha ya kontrola, kile kifaa cha kudhibiti chaji kati ya paneli na betri.