Mpiga besi unayetaka pedali ya filta, soma hii kabla hujatuma hela

Jumamosi tulipiga harusi pale Usa River, maharusi wanaingia ukumbini nikakanyaga filta, basi fundi wa mixer akageuka kumwangalia mpiga kinanda akidhani ule mngurumo unaojifungua na kujifunga ni wa kwake, kumbe ni besi yangu! Nilifurahi jamani, siwezi kuficha. Nikapost kipande cha video, na dogo mmoja wa Moshi akanitumia meseji: "Shikamoo bro, hiyo pedali ni gani? Na mimi nina hela kidogo nataka kuvuta yangu." Marahaba mdogo wangu, nakujibu hapa ili na wenzako wafaidike.

Kwanza ujue unanunua nini. Filta ya lopasi inaacha sauti za chini zipite, za juu inazikata. Hata ile nobu ya toni kwenye gitaa lako inafanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe inakaa palepale ulipoiweka. Pedali inakupa katofu, yaani pale ukataji unapoanzia, na rezonansi ya kupandisha sauti palepale kwenye katofu, halafu nyingi zina envelopu inayofuata mkono wako: ukichapa uzi kwa nguvu filta inafunguka, ukigusa taratibu inabaki imejifunga. Ndo maana besi inatoka kama mtu anaongea.

Sasa blendi, yaani nobu ya kuchanganya sauti safi ya besi na ile iliyopita kwenye efekti. Hapa nitasema sana maana pameniumiza. Nilikuwa kwenye bendi moja ya hotelini hapa Arusha, pedali iliyokuwepo ilikuwa ya gitaa la solo, mali ya bendi, haina blendi kabisa, na kiongozi akanisimamisha katikati ya mazoezi mbele ya wenzangu na wahudumu waliokuwa wanapanga viti akasema besi ni besi, toa hicho kidude. Baadaye nikafika nikakuta mtu mwingine ameshachomeka jeki kwenye nafasi yangu, hata simu sikupigiwa. Bado inauma. Ukweli ni kwamba uzi wa E wa besi unatikisika kwenye hezi 41 hivi, yaani mara 41 kwa sekunde, na filta nyingi, hasa za mtindo wa Moog, wale watengeneza sinthesaiza (vinanda vya kielektroniki), ukipandisha rezonansi ile nguvu ya chini inapungua. Blendi inakurudishia sauti safi chini ya efekti. Isiyo na blendi usinunue, hata uipate kwa bei ya kutupa.

Kampuni ya pedali ya MXR wana ile M82 ya besi, ina nobu ya sauti safi peke yake na ya efekti peke yake, kwa anayeanza naipenda sana. Moog walitoa pedali ya Moogerfooger MF-101 mwaka 1998, ina swichi ya kukata dekibeli 12 au 24 kwa kila oktava, namba ikiwa kubwa ukataji unakuwa mkali zaidi, na 24 ndo ule unene wa sinthesaiza. Haitengenezwi tena na za mtumba bei imesimama, achana nayo kwanza. Pedali ya filta ya Mu-Tron III ya 1972 ndo Bootsy Collins alikuwa anaitumia kwenye fanki, msikilize huyo mzee usikie mpiga besi anayejulikana kwa sauti yake.

Na vijana niwaambie, mmekubali sana kuwa watu wa kujazia nafasi, kanisani mpiga besi anakaa nyuma ya spika, kwenye harusi hata jina hatajwi. Kataeni! Jaribu pedali na bendi nzima ikiwa inapiga, siyo chumbani peke yako, na draivu, ile pedali ya kukwaruza sauti, iweke kabla ya filta ili filta ipate sauti za juu za kukata, kompresa iweke baada, maana ikitangulia inasawazisha mapigo yote na envelopu inakosa cha kufuata.

Halafu adapta. Pedali nyingi ni volti 9, hasi iko katikati ya plagi, na ukiletewa adapta kutoka Marekani geuza usome nyuma, kama imeandikwa 120V tu usiichomeke kwenye umeme wetu wa 230.