Maswali kwa Shangazi: Nani alale na mama?

*Shikamoo Shangazi. Mama alipata kiharusi mwaka jana, hawezi kujigeuza. Naishi naye hapa Isevya. Kaka zangu wawili wako Dar, wanatuma elfu hamsini kwa mwezi, na kila wakipiga simu wanadai hesabu kana kwamba nazila mimi. – Kitinda mimba, Tabora mjini*

Marahaba, mwanangu. Hesabu waandikie, tena bila kusubiri kuombwa: pampasi, sabuni, dawa za presha, bodaboda ya kliniki, mkaa. Ila ukurasa wa pili wa daftari andika kazi. Mgonjwa wa kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi asitoke vidonda mgongoni na makalioni, na usiku nao umo. Andika saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili, na jina la aliyeamka. Litakuwa lako tu mpaka chini. Piga picha, tuma kwenye kundi la familia, usiongeze neno.

Kisha itisheni kikao, mwenyekiti awe mjomba au baba mdogo mnayemheshimu wote. Dai mawili: kiwango kipya kinachofuata daftari, na zamu. Kila kaka atumie sehemu ya likizo yake hapo, alale chumba kimoja na mama, wewe uondoke kabisa, usibaki jikoni kumsaidia. Watasema mwanamume hamwogeshi mama yake. Sawa, wamlipe mama wa jirani aje kuogesha. Kufua, kupika uji na kugeuza hakuna mwiko. Wakali wa hesabu huwa wanalainika usiku wa pili.

Na mama awepo kikaoni. Kiharusi kimechukua mkono na mguu, masikio anayo. Kama hawezi kusema, muulizeni maswali ya kutikisa kichwa.

*Mke wa kaka hataki bibi akae kwao. Anasema macho mekundu yale ni ya mchawi. – Mjukuu, Nzega*

Macho yale ni moshi wa kuni alizopikia miaka yote, huyo mke wa kaka akitaka kujua. Hapa sitanii: maneno ya namna hiyo yameua vikongwe katika mikoa yetu hii. Mhamishe bibi leo, kikao kitafuata. Mpeleke akapimwe macho, na umwarifu mtendaji wa kijiji na polisi. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, nayo ingali inatumika.

*Mdogo wetu ni kiziwi. Baba amefariki, na kaka mkubwa amekodisha shamba lote la tumbaku akidai “huyu tutamlisha sisi”. – Dada, Urambo*

Kulishwa si urithi. Kaka ana barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani? Kama hana, hana mamlaka ya kukodisha. Kama anayo, yeye ni msimamizi, hajawa mwenye mali. Nendeni Mahakama ya Mwanzo na mtu anayejua lugha ya alama, mdogo wenu ajieleze mwenyewe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua.

*Baba ana miaka 80, hataki kuacha mizinga yake ya nyuki aje kwangu Mwanza. Ananiaibisha. – Mtoto wa Sikonge*

Aibu ni yako, mizinga ni yake. Mwache na nyuki wake. Wewe tafuta kijana wa kumchotea maji na umlipe kila mwezi, usichelewe.